Kaka Aliyegeuzwa Mgongo

Miaka yote mchora mabango alijinadi kwamba hakuna ukuta wa kumtoa jasho. Mpe kinyozi, mpe bucha, mpe gereji, atakupangia picha ungali unatafuta kiti. Basi mama yake alipomwomba amchoree wanawe wote pamoja, awaone kabla macho hayajamzimikia kabisa, maana daktari alishasema yanaelekea huko, bwana mkubwa akacheka. Kazi ya asubuhi moja, hiyo.

Ikawa ya majuma. Alikata vijitu vya maboksi, akavipanga mezani, akavihamisha, akavirudisha palepale. Mpango wa kwanza ulipendeza, ila juu aliacha nafasi ya namba ya simu, mazoea hayo, mkewe akamuuliza kama familia inauzwa. Baadaye akajikuta amejiweka mwenyewe katikati, mkubwa kuliko wote, na hilo hakuliona hadi alipochekwa.

Hatimaye akampelekea mama mchoro, kifua mbele. Mama aliusogeza hadi puani, kidole kikatambaa polepole, kikasimama pembeni kwa kaka mkubwa, fundi cherehani.

"Mbona huyu kageuza mgongo?"

Mchoraji akajikohoza kitaalamu. Akaeleza kwamba picha yenye nyuso tupu humchosha mtazamaji, lazima mmoja ageuke, jicho lipate pa kupumzikia. Alieleza vizuri mpaka akakaribia kuyaamini maneno yake mwenyewe. Mama alimwacha amalize.

"Nilizaa mtu mwenye uso. Mpe uso wake, mwanangu."

Akarudi mezani, akachora, akafuta. Uso uliomjia ulikuwa wa kaka akingali kijana, yule aliyegombana naye siku ya kugawana vitu vya marehemu baba, na tangu hapo hawapikiki chungu kimoja. Kijana huyo hayupo tena. Utaalamu wote ule, kumbe anaficha tu kwamba hajui ndugu yake anafananaje siku hizi! Aibu ilimshika hadi masikioni.

Mchana huohuo alikuwa mlangoni kwa fundi cherehani, karatasi kwapani, hotuba aliyoipanga njiani imeyeyuka yote.

"Nimekuja kukuchora, kaka. Mama anataka kuuona uso wako."

Kaka akaweka mkasi chini, akaketi kwenye stuli karibu na dirisha. Mvi kichwa kizima. Mashavu yameingia ndani, kama ya baba siku zake za mwisho. Mchora mabango akainua penseli, akaishusha, akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Unachora au unalia?" kaka aliuliza.

"Nalia kwanza," alisema. "Usitikisike."