Mwiko wa Gia ya Tatu

Jina la baba yangu sitaliandika hapa. Si kwamba nimelisahau, uzee wangu haujafika huko. Ni kwamba kila ninachoandika namsomea mke wangu, na yeye jina hilo hajalitamka tangu nimuoe, basi sioni sababu ya kumwekea mezani leo. Inatosha mjue kwamba linaanza na sauti ileile inayoanza neno gia. Hapo ndipo shida yetu ilipozaliwa.

Kwetu Unyakyusa, upande wa Tukuyu, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Jina lake halitaji, wala neno linalofanana nalo. Atatafuta neno lingine la kuzungukia. Mke wangu ni Mhehe wa Iringa, nilimpata nilipokwenda kule kufanya useremala. Siku tuliyomleta nyumbani, mashangazi zangu walimkalisha jikoni wakamfundisha hayo yote.

Akawauliza, "Na nikisahau?"

Shangazi mkubwa akamwambia, "Moto huwa unausahau?"

Sasa gari. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, lami ya barabara kuu bado mpya, inang'aa kama imepakwa mafuta. Mwalimu mmoja mgeni alikuwa anarudi kwao, nikamtengenezea masanduku ya safari, naye gari lake akaniachia kwa bei ya huruma. Lilikuwa lile la mgongo mrefu, la kubebea familia. Sikumuuliza kwa nini huruma imekuwa nyingi hivyo. Mimi niliishia darasa la nne, na huko hatukufundishwa kuuliza.

Jibu nililipata kwenye mteremko wa kwanza. Gia ya tatu ilikuwa inachomoka. Ukipanda mlima inatulia, ukianza kushuka na kuachia mafuta, kijiti kinaruka chenyewe, gari linabaki huru linakimbia. Fundi mmoja wa Iringa, mzee mwenye kikohozi, alilala chini yake asubuhi nzima. Alipotoka akasema, "Giaboksi imelika ndani. Na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, meno yake ni kama ya bibi yako. Upande huu yapo, upande huu hayapo."

"Maana yake nini?"

"Injini ikizimikia penye pengo, ukipiga stata itazunguka bure. Hapo unaweka gia, unalisukuma kidogo, pengo linahama."

Nikamuuliza vipuri. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Wakati ule hata sabuni ulikuwa unaitafuta kwa kujuana, sembuse giaboksi.

Basi tukaishi nalo hivyo. Mke wangu alikaa kiti cha mbele, mkono wa kulia kwenye kijiti, anakishikilia mteremko mzima mimi nikihangaika na usukani. Msidhani ni kazi ya nguvu. Nilimjaribu mdogo wangu mwenye mikono kama mapanga, akakikandamiza mpaka chuma kikalia. Mke wangu alikuwa anasikiliza. Alijua kinapoanza kutetemeka, alijua nitakanyaga klachi kabla sijakanyaga, analegeza kiganja. Wakati mwingine nilikuwa nautazama mkono huo kuliko barabara, akawa ananigombeza.

Ila kukiita gia hakuweza. Akakibatiza jina: mwiko. Kijiti kirefu, unakishika kama unasonga ugali, na jina lake la kweli ni mwiko kulitaja. Alipata maneno mawili kwa bei ya moja. "Baba watoto, mwiko unatetemeka." "Baba watoto, nimeachia mwiko." Majirani walidhani tunapika humo ndani.

Nimesema mengi ya chuma, ngoja nirudi kwa watu.

Baba aliingiwa na mtoto wa jicho. Jicho moja kwanza, halafu la pili, mpaka akawa anapapasa ukuta kwenda chooni. Mtu aliyekuwa anaitambua migomba yake mmoja mmoja akawa haioni hata migomba ikiwa kitu kimoja. Tukasikia hospitali ya Tosamaganga, kule karibu na Iringa, amekuja daktari wa macho wa muda tu, ataondoka mwisho wa wiki. Sisi tulikuwa tunaishi Iringa, nikatuma ujumbe Tukuyu kwamba namfuata. Wazo la basi alilikataa. "Basi limejaa wakamwana wa watu," alisema, "nitamkalia mmoja bila kujua."

Lakini gari langu bila mke wangu lilikuwa haliwezi kushuka mlima, na mke wangu na baba hawawezi kukaa pamoja. Nilikaa nalo jambo hilo siku nzima. Mke wangu mwenyewe ndiye aliyelimaliza. Alichukua kanga mbili, akaziunganisha kwa uzi, akasema, "Utazitundika katikati. Yeye nyuma, mimi mbele. Nitanyamaza."

"Na mwiko ukichomoka?"

"Nitakohoa."

Tukaenda, tukamchukua asubuhi na mapema. Shangazi alimwingiza nyuma, kanga zikiwa zimeshashushwa. Mke wangu alikuwa ameshakaa mbele, amejitanda mpaka puani. Baba akapapasa kitambaa kilichokuwa mbele ya uso wake, akauliza kwa Kinyakyusa, "Hii ni nini?"

"Ukuta, tata," nikamjibu, yaani baba.

"Umejenga vizuri," akasema.

Tulipanda mpaka Uyole bila neno. Nilijua kuna watu wawili wanaosikilizana pumzi, na mimi katikati kama mlango. Kwenye viteremko vya njiani mke wangu alikohoa mara tatu, mara zote mwiko ukarudi. Baba akaniambia, "Mwambie mwenzako anywe tangawizi."

Halafu ule mteremko wa kuingia Usangu. Mbele yetu kulikuwa na lori la mpunga linatambaa, nyuma lori lingine limetukaribia. Nikaachia mafuta. Kijiti kikaruka kwa nguvu, kikamtoka mkononi, gari likawa linakwenda kwa uzito wake lenyewe kulifuata lile lori la mbele. Breki niliikanyaga, nayo ikaanza kunuka. Hapo mke wangu akasahau kukohoa, akasahau mwiko, akasahau mashangazi. Akasema, kwa sauti yake yote:

"Gia imetoka."

Neno zima, lenye kichwa cha jina la mkwe wake, na mkwe mwenyewe yuko nyuma ya kanga. Nilikanyaga klachi, akalirudisha jichuma mahali pake kwa mikono miwili, injini ikanguruma, tukapunguza mwendo. Lori la mbele likabaki mbele. Nilimtazama. Alikuwa analia bila sauti, mikono bado imeng'ang'ania kijiti. Kwetu kosa kama hilo halikuwa dogo, na yeye alikuwa mtu wa kuja, anayejua kwamba watasema Wahehe hawana adabu.

Tulikwenda hivyo mpaka Chimala, na hapo, nilipopunguza mwendo ili nipishe ng'ombe wa wafugaji waliokuwa wanavuka, injini ikazimika. Nikapiga stata. Ikazunguka bure, wiii, kama mbu. Pengo la meno ya bibi.

Nikaweka gia, nikashuka kusukuma. Mke wangu akashuka upande wake. Tulisukuma, gari likakataa, mahali penyewe palikuwa na mwinuko kidogo. Nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa.

"Tata, kaa tu."

"Mimi macho ndiyo mabovu, mabega ninayo."

Akapapasa bodi mpaka akafika nyuma ya gari, akaweka bega katikati yetu. Mke wangu alitaka kukimbia. Alitazama huku na huku, migomba haikuwepo, majaruba ya mpunga tu, maji matupu. Akavuta kanga usoni, akainamisha kichwa, akasukuma. Bega lake na bega la baba yangu yalikuwa yanagusana. Gari likasogea shubiri moja, chuma kikagota ndani, nikajua pengo limehama.

Baba hakuondoka mara moja. Aliuelekeza uso wake kwangu, si kwake, akasema, "Mwambie mwenzako nilimsikia kule mlimani. Mwambie jina langu limeitwa na watu wengi, wengine kwa kunitukana. Halijaitwa na mtu aliyekuwa ananiokoa."

Nikamgeukia mke wangu, nikamwambia kama nilivyotumwa, ingawa alikuwa amesimama palepale na amesikia kila neno.

"Na faini yake ni kuku," baba akaongeza. "Mila ni mila. Awe mnono."

Daktari tulimkuta. Baba alifanyiwa jicho moja, akalazwa, kichwa kimefungwa kama zawadi. Siku ya kufungua bandeji mke wangu alikuja na kuku aliyemchemsha, akakaa nje ukumbini nyuma ya mlango. Alisema, "Leo ataona. Sasa ndiyo siwezi kuingia kabisa." Nilimwona ana huzuni. Njia nzima alikuwa karibu na mzee kwa sababu mzee haoni, na sasa tumemponya, tumemrudisha mbali.

Walifungua. Baba akatazama dirisha, akatazama mikono yake muda mrefu, akanitazama mimi akasema nimezeeka. Halafu akanusa.

"Kuku wangu yuko wapi?"

"Nje, na mwenyewe."

Jicho lile baba alikuwa amelisubiri miaka, nalo halijamaliza hata saa moja kuona. Akalifumba. Akalikaza mpaka kope zikakunjamana.

"Mwambie aingie," akasema. "Nimefumba."

Akaingia ananyata, kanga usoni, akaweka bakuli kwenye meza. Baba akanyoosha mkono hewani, na mke wangu, baada ya kunitazama mimi, akaweka wake juu yake. Mzee alipapasa kiganja, akafika kwenye sugu ya mwiko iliyoota chini ya vidole, akakaa nayo hapo kidole gumba chake kikizunguka.

"Ndaga," akasema. Ndiyo asante ya kwetu.

Mpaka mke wangu alipotoka na mlango ukarudi, baba alikuwa hajafumbua.