Mwalimu na Chemchemi

Kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, mwalimu wa sayansi hushuka bondeni na ndoo ya lita kumi. Huikinga kwenye bomba la chemchemi, akihesabu kwa midomo bila kutoa sauti sekunde inazochukua kujaa, kisha huimwaga na kuikinga tena. Hupima mara tatu, hata mvua ikinyesha. Huandika daftarini kwa wino, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi, na akikosea tarakimu huikata kwa mstari mmoja tu ili kosa lisomeke wanafunzi wake wakilipitia daftari. Magreth, jirani wa chemchemi, amemtazama hivyo kwa miaka minne, tangu alipokubali kukata milingoti, ile mikaratusi mirefu, yote aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mwalimu ndiye aliyesema huenda miti hiyo inakunywa maji, na ikiondoka yatarudi.

Jumatatu hii alipima mara tano. Akapekua daftari hadi kurasa za mwanzo, akabaki ameinama. Magreth akamsogelea.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwalimu. Yanarudi?”

“Hayarudi. Yamezidi kupungua.” Ile sauti ya darasani haikuwepo. “Nilikosea, mama. Si milingoti.”

Magreth alitazama mteremko mtupu. Kila mche mumewe aliupanda kwa mkono wake.

“Sasa ni nini?”

“Bado sijui.”

Mwalimu akaweka daftari gotini, akaandika polepole: *Kukata miti hakukurudisha maji.* Akatia tarehe, akamgeuzia Magreth ukurasa ili asome yeye kwanza, kabla ya wanafunzi.