Hii Shingo Ni Yake?

Mimi kitu cha bure nakiogopa. Hapa Kakamega ukiambiwa bure, shika mkoba wako kwanza. Kwa hiyo shemeji yangu, mwalimu wa kompyuta, alipokuja studioni kwangu akisema kuna programu ya kurekebisha picha, halali na haina malipo, nilimuuliza, "Na wao wanakula nini?"

"Wanaoitengeneza wanajitolea, shemeji. Ukitaka, iko nyingine unalipia mara moja tu, bei ya chini."

"Wanajitolea! Ebu niondokee."

Lakini sikuwa na njia. Ile yangu ya wizi, niliyowekewa na fundi mmoja pale mjini, ilikuwa imeleta virusi vikafunga kila kitu, pamoja na picha zangu za suti na gauni za matanga. Maana hapa marehemu akikosa picha nzuri ya kuwekwa juu ya jeneza, tunakata kichwa chake kwenye picha yoyote, tunakibandika juu ya mwili uliovaa vizuri. Na kwenye benchi langu alikuwa amekaa mzee mmoja wa kijiji cha Malinya na picha ya pekee ya mkewe. Mazishi ni kesho.

"Usinipe mwili wa mtu mwingine," alinionya. "Jirani yangu mlimbandika tai. Tai! Yule hakuwahi kuvaa tai. Mimi nataka mke wangu."

Shemeji akaweka programu yake. Niliikodolea macho nikingoja iniombe nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, chochote. Haikuomba. Nikafuta mikunjo ya karatasi, nikarudisha rangi ya kitambaa cha kichwa. Ilifanya kazi vizuri, nami nikazidi kuishuku. Begani pa yule mama palikuwa na mkono tu, mwenye mkono amekatwa na ukingo wa picha. Nikaufuta, nikachapisha.

Mzee aliipeleka picha mlangoni penye mwanga. Akaiinamisha huku na huku.

"Hii shingo ni yake?"

"Ni yake, baba. Kila kitu ni chake."

"Na mkono uko wapi?"

"Mkono gani? Ah, ule ulikuwa unaharibu picha, nikautoa."

"Ulikuwa wangu."

Nilihisi aibu mpaka masikioni. Nikarudi kwenye kompyuta, nikaanza kuurudisha. Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, akiutazama kidole kwa kidole, nisije nikambandikia wa mtu mwingine.