Furu wa kwa Bibi

Nyumba ya samaki ilipofunguliwa ufukweni mjini, baba alikuwa amekaa bila kazi tangu kiwanda chao cha umma kiuzwe. Tajiri mwenye nyumba hiyo akamwajiri kusafisha matangi ya vioo na kulisha samaki. Pale kwetu Mkolani mimi ndiye niliyefurahi kuliko wote. Mimi si mwongeaji, hata shuleni wananiita bubu, lakini kwa baba nilikuwa naongea. Akirudi jioni alinisimulia habari za sangara aliyenizidi urefu, na za kamongo anayelala kama gogo.

Siku moja akaniambia, "Tangi moja liko tupu. Bosi anataka furu, wale samaki wadogo wa kwenye mawe. Watoto wa mjini hawawajui tena, sangara wamewamaliza."

Nikamwambia kwa bibi bado wapo.

Bibi, mama yake mama, anakaa ng'ambo, karibu na Kamanga. Ana mawe yake ziwani anapooshea vyombo. Akiloweka sufuria ya ugali, ukoko ukianza kubanduka, furu wanatoka kwenye mawe, wadogo kama kidole, wengine wekundu ubavuni, wanadonoa hadi kwenye kucha zake. Hakuna anayeruhusiwa kuvua pale. "Hawa wanakula chungu kimoja na mimi," husema. "Ni watu wa nyumbani." Yeye ndiye aliyenionyesha jike mwenye mashavu yaliyovimba, anayekuja na wenzake lakini hali kitu, kwa sababu amebeba watoto mdomoni.

Baba asingeweza kwenda pale peke yake. Kwetu mwanaume hasogelei anapoogea na kuosha vyombo mama mkwe wake. Hata wakikutana njiani baba hupinda kichakani. Kwa hiyo tulivuka Jumapili, bibi akiwa kanisani. Baba alijibanza nyuma ya jiwe na kipande cha chandarua. Sufuria niliosha mimi. Wakaja wote, kama kawaida.

"Watakaa kwenye tangi lao?" nilimuuliza kwenye kivuko.

"Lao peke yao, mama. Nitawawekea na mawe." Huniita mama nikimpendeza.

Wiki mbili baadaye mwalimu wa baiolojia alitupeleka kuangalia samaki. Sikumwambia baba, nilitaka kumshtukiza. Nilizunguka nikitafuta tangi lenye mawe, sikuliona. Kengele ya kulisha ikalia, watu wakakimbilia kwenye tangi la sangara. Baba akapanda ngazi na ndoo.

"Mpe mzee, ana njaa," mtu mmoja alisema nyuma yangu.

"Njaa gani? Tumbo lenyewe kama la diwani."

Baba alimimina polepole ili kila mtu aone. Walikuwa furu. Yule jike wa mashavu alipogusa maji akawatema watoto wake wote, wakatawanyika kama vumbi. Wenzangu wakacheka, wakasema ametapika kwa woga. Sangara alifungua mdomo mara moja tu.

Baba akaniona kupitia kioo. Nilitegemea atashtuka. Alinipungia mkono.

Jioni nilimuuliza, "Si ulisema tangi lao?"

"Watu wanakuja kuona sangara akila. Nani atakuja kuangalia vidagaa?"

"Ulijua tangu lini?"

Akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi. "Tangu mwanzo. Ningekuambia, ungeosha sufuria?" Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kunisimulia hadithi, "Jumapili tuvuke tena. Wameisha."

Nikamwambia nina mtihani. Sikuwa na mtihani.

Jumamosi nilivuka peke yangu. Bibi nilimkuta ameinama kwenye mawe, ukoko unaelea mbele yake, hakuna anayeudonoa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hawa wamenisusa, sijui nimewakosea nini." Akanisogezea sufuria. "Hebu osha wewe. Wewe wanakupenda."

Nilitaka kumwambia. Maneno yalifika mdomoni yakakaa hapo. Nikaloweka sufuria, nikaanza kusugua. Baada ya muda mrefu akatoka mmoja, mdogo sana, akasimama karibu na kidole changu.

Nikapiga maji kwa kiganja. Akarudi kwenye mawe.

"We mtoto," bibi alisema, "mbona unamfukuza?"

Sikumwangalia. Nikapiga maji tena.