Hatua Moja Kutoka Shimoni

Wenzake kazini walimwita Rula. Mama huyo wa watoto watatu alikuwa na miaka kumi na mitano ya kukata nyasi kwenye kiwanja cha gofu, na mistari yake ilinyooka utadhani imechorwa. Kila mwaka wafanyakazi walikuwa na shindano lao, na safari hii meneja alitangaza kwamba mshindi ataacha kazi yake na kuwa msaidizi wa mwalimu wa gofu. Mgongo wa Rula ulishaanza kumsumbua. Nafasi hiyo aliitaka kufa na kupona.

Tatizo lake lilikuwa mipigo mifupi. Mpira aliufikisha karibu na shimo kuliko wote, kisha pale pa kuusukuma tu, anakosa kwa upana wa kidole.

Mdogo wake, fundi seremala, alimsikiliza, akajikuna kichwa, akapigilia misumari miwili kwenye kipande cha ubao. Kati yake mpira ulipita kwa taabu.

"Dada, ukipinda kidogo tu, msumari utakusema."

Rula akauweka ubao koridoni, juu ya zulia kuukuu, na mbele yake akalaza kikombe. Wiki za kwanza ilikuwa ti! ti! ti! mpaka mumewe akauliza kutoka sebuleni kama wamepangisha fundi saa. Mwezi wa pili, kimya. Mipira thelathini ilipita katikati, yote ikaingia kikombeni. Mumewe akaanza kumwita mwalimu.

Siku ya shindano, Rula na mpishi wa kantini walifika shimo la mwisho wakiwa sawa. Mpishi akalimaliza kwa mipigo mitano. Rula alishapiga mitatu, na mpira wake ulikuwa hatua moja tu kutoka shimoni. Akiuingiza, ameshinda.

Akainama. Akaiona misumari akilini, mpira ukipita katikati. Ghafla vidole vikafa ganzi. Alitaka kuinuka aanze upya, lakini mikono ilishajiendea. Mpira ukapita pembeni. Bado angeweza kutoka sare. Akapiga tena, ukakosa tena.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Imekuwaje, dada?" mdogo wake alimuuliza pale pembeni.

"Sijui. Nilikuwa naiangalia tu mikono, kama ya mtu mwingine."

"Niisogeze misumari ibane zaidi?"

"Nyumbani sikosi hata mmoja, mdogo wangu. Utaibana ifike wapi?"



Jumatatu mpishi alikuja na fulana mpya nyeupe ya msaidizi wa mwalimu, akamsimamisha Rula kwa adabu. "Dada, samahani. Wanafunzi wananiuliza mambo ya mipigo mifupi, sijui hata pa kuanzia."

Rula alimwonyesha pa kuweka miguu, jinsi ya kutuliza mabega. Mpira wa mpishi ukaingia bila kusita.

"Kusema kweli, kazi hii ilikuwa yako," mpishi alisema, macho chini.

Rula akautoa mpira shimoni, akamrudishia. Upande wa pili wanafunzi walikuwa wanaita. Mpishi akamshukuru, akakimbia kuwawahi.