Papa Keza anaita mutoto kwa radio, mutoto anaitika, ye hasikii

Wakuu, salamu kutoka Buja kwa Warundi, mtaa wa Cibitoke.

Naandika na hasira, na mutu wa hasira hana muda wa kutunga. Haya yote yametokea nyumbani kwangu. Kiswahili yangu ni ya huku, watu wa Dar musianze kunisahihisha.

Bwana yangu anatangaza mpira. Zamani alikuwa anatangaza hapa hapa Buja, radio ndogo, anabeba micro mwenyewe anapanda nayo jukwaani. Sasa yuko Dar, radio kubwa, na wengi wenu munajua sauti yake. Jina sitaji.

Munajua ile kelele yake bao ikiingia? "Kezaaaaa!"

Mulikuwa munafikiri ni goli kwa Kirundi? Apana. Ni jina ya mutoto wangu.

Ilikuwa hivi. Siku nazaa, ye alikuwa uwanjani, match iko live. Tulishapatana, kama ni binti ataitwa Keza. Shemeji akamutumia message: ni binti. Pale pale timu moja ikafunga, na ye badala ya kusema goli, akaita mutoto.

Sasa kwa Kirundi, keza ni kama kusema nzuri. Watu wakadhani anasifu bao! Wiki haijaisha, kila bar inapiga kelele Keza. Kitovu ya mutoto haijakauka, jina yake iko kwa midomo ya walevi.

Kelele hiyo ndiyo ilimupeleka Dar. Keza alikuwa anatambaa. "Mama Keza, ni saison moja tu ya mpira, nakuja kuwachukua."

Leo Keza anaenda maternelle, shule ya watoto wadogo. Anavaa viatu mwenyewe, cha kushoto kwa kulia.

Na musiniambie nina bahati kuwa na bwana staa. Staa hafungi mlango jioni. Kuna siku nakaanga ndagala, nasikia anacheka na mwenzake kwa radio, ile cheko ya puani ambayo ilikuwa yangu mimi tu hapa ndani. Nasimama na mwiko mkononi mpaka samaki inaungua.

Bon. Tuje kwa mutoto.

Mi nimemulea Keza hivi: ukiitwa, unaitika. Haujifanyi hausikii. Sasa mpira ikianza tunafungua radio. Bao ikiingia, Papa anaita, na mutoto anaacha kila kitu anakimbia: "Abee, Papa!"

Anasimama mbele ya radio, mikono nyuma, anangoja atumwe.

Papa anaendelea na kona na kadi. Mutoto ananiangalia. Namwambia, "Amesikia, enda ucheze."

Nilikuwa naona ni jambo nzuri, baba anamuita kutoka mbali. Hata fundi wa baiskeli hapa jirani alikuwa anapitisha kichwa kwa dirisha: "Mama Keza, leo bwana yako ameita mutoto mpaka koo imekauka! Huyo keeper ni mlango bila kitasa!" Tunacheka wote.

Jumapili iliyopita, mchana, nafua inje, radio imewaka ndani. Papa Keza akapiga simu, ye ambaye kawaida anapiga usiku, mutoto amelala. Anasema ana homa, hakuenda kazini, amelala. Tukaongea vizuri, vizuri kabisa. Akaniuliza kama bado nasuka nywele vile alikuwa anapenda.

Mara, kwa radio: "Kezaaaaa!"

Nikaangalia simu. Nikaangalia mlango.

"Papa Keza, uko wapi?"

"Si nimekwambia, kitandani."

"Na huyu anaita mutoto ni nani?"

Akasema: "Aa, ile ni jingle. Walinirekodi. Bao ikiingia wanabonyeza, hata kama sipo."

"Tangu lini?"

"Mama Keza... ni muda."

Ni muda! Mutoto wangu anaitikia kifungo!

Kabla nifungue mdomo kumutukana, nikasikia miguu ya Keza ndani, mbio, na sauti yake: "Abee, Papa!"

Baba yake akasikia kwa simu. Hakuwa anajua, wakuu. Sikuwahi kumwambia, nilitaka ajionee siku akirudi.

"Anafanya nini?"

"Anakuitika. Kila bao."

Sauti ikamubadilika. "Mupe simu."

Nikaingia, nikaweka haut-parleur sauti itoke kubwa, nikasogeza simu karibu na sikio ya mutoto. Akaita polepole, na homa yake: "Keza. Keza, mwanangu."

Mutoto hakugeuka hata kichwa. Alikuwa anaangalia radio. Akasema:

"Mama, itika wewe. Mi naongea na Papa."



Papa Keza akaanza kunitangazia: mara contrat ya kazi, mara patron hamuachi, mara saison itaisha. Nikamukata: "Hiyo watangazie wasikilizaji. Mi nakuja." Akauliza nakuja wapi na ye analala chumba kimoja na wenzake. Nikasema watoke.

Sac ya nguo imefungwa. Kesho asubuhi tunapanda bus ya Dar, mi na Keza. Nataka asimame mbele ya huyu mutoto, aite kwa mdomo wake, bila kupiga kelele, na aitikwe. Asipoitikwa siku ya kwanza, tutabaki mpaka aitikwe. Na mi mwenyewe nimemumiss. Nusu ya hii hasira ni hiyo, niseme tu.

Nilichojifunza: dada zangu ambao bwana zenu wako mbali, musilee mutoto na sauti. Sauti inaweza kuenda kazini mwenyewe amelala.

Haya, semeni sasa. Waliopita Kobero na mutoto mudogo: pale mpakani wanadai karatasi gani yake, na bus inasimama wapi akojoe? Nataka majibu leo.

Mwenye anataka kuniandikia "vumilia, anatafuta maisha", hiyo apelekee mama yake.