Mkono Hauna Masikio

Saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba moja ya Bondeni, mwendesha bodaboda anakanda unga. Hussam Taib, mwenye umri wa miaka ishirini na sita, amekunja mikono ya shati na jasho linamchuruzika. Mamake, Bi Mwanakuu, amesimama nyuma yake.

"Wakanda au wabembeleza?"

"Nakanda, mama."

"Basi unga haujajua."

Mahamri ya Bi Mwanakuu yanasifika hadi Mji wa Kale, na kwa miaka mingi aliyakanda mwenyewe. Leo mkono wake wa kulia haukunji ngumi. Ulivunjika kifundo mwaka juzi, alipoanguka kutoka kwenye pikipiki ya mwanawe.

Wakati huo Hussam alikuwa bingwa wa kuendesha kwa tairi moja, lile la mbele likiwa hewani. Vijana huuita mchezo huo wili. Bi Mwanakuu huuita wazimu wa punda, maana, asema, punda akisimama kwa miguu miwili hana akili tena.

Hussam alijifunzia Mbaraki, kwenye uwanja mtupu, akifundishwa na rafikiye Shukri. Unavuta mafuta, unaachia klachi, unaegemea nyuma, na mguu wa kulia haubanduki kwenye breki. Aliangushwa hadi magoti yakaota sugu.

"Kuinua tairi si kazi," anasema. "Kazi ni kulishusha."

Alipoweza, sifa zilimlevya. Kila akipita, vijana wa barazani walimpigia kelele, naye akawapa walichotaka. Ila hakuwahi kuthubutu akiwa na abiria.

Hadi asubuhi ile. Mamake alikuwa amekaa kiupande nyuma yake, ndoo ya mahamri mapajani. Walipopinda kona, kijana mmoja akapaza sauti: "Hussam! Wili!"

Tairi likapanda. Mguu haukuwa kwenye breki. Mahamri yakatapakaa barabarani, na Bi Mwanakuu akayaangukia.

"Sikuamua mimi, mkono ulikuwa umezoea." Hussam alisema hivyo hospitalini, akasema hivyo kwa majirani, hata yeye mwenyewe akaanza kuamini. Kisha ikafika siku ya mamake kutolewa plasta. Ndipo akamwambia: "Mkono hauna masikio, mwanangu. Aliyesikia ni wewe."

Hussam anausukuma unga, kisha anaacha. "Bora angenipiga," anasema.

Tangu hapo mamake hajapanda pikipiki yake. Kila asubuhi hulipa tuktuk shilingi mia moja, na mwanawe humfuata nyuma, kiti kikiwa kitupu. "Wamsindikiza waziri?" watu humtania. Hucheka nao, ingawa si sana.

Mwezi uliopita fundi alimtengenezea kiti kipana, chenye chuma cha kuegemea na pa kuwekea miguu yote miwili upande mmoja. Akamwambia mamake anatamani kumpeleka Kisauni siku ya Idi, kwa Maisara, dada ya mama, ambaye hawajaonana naye siku nyingi. Bi Mwanakuu alikizunguka kiti, akakibonyeza kwa kidole.

"Kizuri," akasema. "Lakini hata kile cha kwanza hakikuwa na kosa."

Leo mahamri yako tayari na tuktuk inanguruma mlangoni. Bi Mwanakuu hapandi na ndoo yake. Anaiweka juu ya kiti kipya, anaifunga kamba kwa mkono wa kushoto na meno. Hussam anataka kumsaidia. Anakatazwa kwa jicho.

"Yatangulie haya," mama anasema.

Hussam anaondoka taratibu, tuktuk ikimfuata. Kwenye kona, mtu anamwita kutoka barazani. Anamsikia. Hageuki.

Mji wa Kale, mlangoni pa mteja, Bi Mwanakuu anashuka, anafunua ndoo, anatazama, anafunika.

"Yamefika mazima, mama."

"Nimeyaona."

"Na kesho?"

"Kesho mahamri tena." Anajiegemeza kidogo kwenye kile chuma cha kiti, apumzike. "Idi bado iko mbali."